Chai ya Kidatu

Basi la Ifakara liondokalo Morogoro asubuhi halimchoshi msafiri. Barabara kuu inaikata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na hata abiria aliyesinzia tangu stendi ya Msamvu huamshwa na watoto wanaosimama juu ya viti na kupaza sauti, "Tembo! Mama, tembo!" Siku niliyopita mimi, mwezi wa Agosti 2025, tuliona twiga watatu, kundi la nyumbu, na nyani walioketi kando ya lami kama wazee wa baraza. Mikumi mjini basi huiacha barabara ya Iringa, likapinda kushoto na kufuata vilima. Joto linaanza kuongezeka. Punde vilima vinafunguka, na mbele yako ni miwa.

Ni miwa, mpenzi msomaji, mpaka macho yachoke. Huku ni kijani kibichi kinachoyumba kwa upepo, kule ni shamba lililokwisha kuvunwa, limebaki jeusi kwa moto, na trekta linavuta matela yaliyojaa mabua. Nyuma ya yote imesimama milima ya Udzungwa, ambayo tangu 1992 ni hifadhi ya taifa. Katikati unapita mto Ruaha Mkuu, ambao huzungusha kwanza mitambo ya umeme ya Kidatu ndipo unywesheze mashamba. Na ukifika wakati wa msimu wa kusaga, utapokewa na harufu kabla ya mwenyeji wako hajakuona: harufu nzito, tamu, kama ya sukari iliyosahauliwa motoni ikaungua.

Nilikuwa nakwenda kwa dada yangu mkubwa, aliyeolewa huku miaka mingi, na ambaye mumewe ni mkulima wa miwa. Siku mbili kabla ya safari alinipigia simu. "Usije na sukari," aliniambia, "wala usije na soda za watoto." Nikamwuliza basi nije na nini. "Njoo na mdalasini wa Mkuyuni, na karafuu. Na njegere za Mgeta ukizipata."

Akina mama wenzangu mtaelewa uzito wa maneno hayo. Kwetu sisi sukari si kitu cha kutia utamu tu. Kwenye msiba tunapeleka sukari. Mwenzetu akijifungua tunampelekea sukari ya uji. Ukienda kumwona mgonjwa, au kumjulia hali mama mkwe, ile kilo moja au mbili iliyofungwa ndani ya mfuko ndiyo inayotangulia kusalimia. Wenye umri wa kukumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 hawajasahau foleni za maduka ya ushirika, jinsi mtu alivyoamka alfajiri kwenda kuweka jiwe lake kwenye mstari, na jinsi robo kilo ilivyofichwa uvunguni kumngojea mgeni. Aliyekunywesha chai ya sukari wakati ule alikuwa amekupa kitu hasa. Sasa kumwambia mwanamke aliyelelewa hivyo apunguze sukari ni sawa na kumwambia apunguze ukarimu, na kwa maoni yangu hapo ndipo mashauri mengi ya afya yanapokwama. Daktari anazungumza na ulimi. Lakini aliyeshika kijiko ni mama mwenye nyumba, naye anawaza wageni.

Kesho yake tulikwenda shambani sote watatu kwa bajaji. Shemeji ni mmoja wa maelfu ya wale wanaoitwa wakulima wa nje, yaani wenye mashamba yao wenyewe ambao huuza miwa kiwandani. Kiwanda cha kwanza cha Kilombero, kile cha Msolwa kusini ya mto, kilianza kutoa sukari mwaka 1962. Cha Ruembe, ng'ambo ya pili, kilifuata 1976. Mwaka 1998 serikali iliuza sehemu kubwa ya hisa ikabakiwa na robo. Ada za shule, mabati ya nyumba, pikipiki za vijana, na mchango wa kanisa pia, vingi vya huku vimetoka kwenye miwa, na ni vyema kulisema hilo waziwazi kabla ya kuisema sukari vibaya. Watoto wa dada wamesomeshwa na sukari.

Kazi yake ni ngumu. Shamba huchomwa moto kwanza ili majani makavu yaungue na nyoka wakimbie, ndipo wakataji huingia na mapanga, wakitoka wamejaa masizi tangu utosini. Majivu mepesi meusi huruka mpaka vijijini, na mwanamke wa huku hutazama kwanza upepo kabla ya kuanika mashuka. Muwa ukishakatwa haungoji. Baada ya siku moja au mbili sukari yake huanza kuharibika, ndiyo maana magari hayalali msimu mzima. Kiwandani miwa hukatwakatwa na kukamuliwa kati ya magurudumu ya chuma. Maji yake hutiwa chokaa na kuchemshwa ili uchafu utuame, kisha huchemshwa tena na tena mpaka yawe mazito na kuanza kuganda chembechembe. Chembe hizo hutenganishwa na molasi katika mashine zinazozunguka kwa kasi. Makapi nayo hayatupwi, ndiyo kuni za kiwanda.

Nilimwuliza shemeji swali la kitoto: muwa mmoja hutoa sukari kiasi gani? Akacheka. Wao, alisema, huhesabu kwa tani: tani kumi za miwa hutoa tani moja ya sukari, ikizidi au kupungua kidogo. Basi nikaketi kwenye ukingo wa mfereji nikapiga hesabu ya jikoni. Kilo moja ya sukari ni kilo kumi za miwa. Nyumba ya watu saba, kila mmoja akinywa chai mara mbili kwa siku kwa vijiko vitatu vya kujaza, humaliza kilo hiyo kwa siku nne au tano hata kabla hujakanda maandazi. Je, familia hiyo ingeweza kutafuna mzigo wa miwa wa kilo kumi kila baada ya siku nne, mwaka mzima? Siku ya kwanza watoto wangefurahi. Siku ya tatu taya zingegoma. Muwa una maji mengi na nyuzi, na meno yenyewe humwambia mlaji kwamba imetosha. Kiwanda kimeondoa maji, kimeondoa nyuzi, kimetuondolea na kazi ya kutafuna, kikatuachia utamu mtupu usio na breki.

Soda inashinda hata chai. Chupa ya mililita 350, kwa aina nyingi, ina sukari ya gramu 35 hadi 40. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, basi hapo pana vijiko tisa au kumi, na mtoto huimaliza kabla hujakaa vizuri. Mwanamke gani angetia vijiko tisa ndani ya kikombe cha mwanawe na kumtazama akinywa?

Pale stendi ya Ruaha kuna vijana wenye mashine za kukamua juisi ya miwa, wanatia ndimu na tangawizi, nayo ni tamu kweli katika joto lile. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa ni ya asili haina neno. Glasi moja huweza kuwa na sukari ya vijiko saba na zaidi. Asali na sukari guru ni hivyo hivyo. Mwili hauulizi ilitoka kwa nyuki au kwenye gunia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari tunayoongeza kwenye vyakula, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isivuke sehemu ya kumi ya nguvu zote tunazopata kwa chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni gramu 50 hivi, vijiko kumi na viwili. Na linasema ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo, yaani vijiko sita kwa siku nzima. Matunda mazima na maziwa hayamo katika hesabu hiyo, kwa hiyo usimnyime mtoto embe.

Sasa nieleze kilichomfanya dada aniambie nisije na sukari.

Mwishoni mwa mwaka 2023 shemeji alijikata kidogo mguuni kwa panga, na kidonda kikakataa kupona. Alikuwa akinywa maji sana, anaamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo, na suruali zilianza kumpwaya. Dada alidhani ni uchovu wa msimu. Walipokwenda kupimwa kabla ya kula, kipimo kilisoma 11.4, na mtu huhesabiwa kuwa na kisukari kikifika 7. Akaandikiwa dawa, akaambiwa abadilishe chakula, apunguze tumbo, atembee. Majirani wakasema miwa imemrudia mwenyewe.

Kuna jambo hapa linalostahili kusemwa. Lugha yetu imeuita ugonjwa huu kwa jina la kitu kilichomo kabatini, na watu husema "fulani ana sukari" kana kwamba alikunywa chai nyingi mno basi. Sivyo kabisa. Kisukari ni mwili kushindwa kuitumia sukari iliyomo katika damu, kwa sababu kichocheo kiitwacho insulini hakitoshi au hakifanyi kazi yake sawasawa. Kisukari kinachowapata watoto mara nyingi hakisababishwi na kula sukari, na ni ukatili kumlaumu mama yake. Hiki cha watu wazima huletwa na mengi: damu ya ukoo, umri, unene hasa wa tumbo, kukaa bila kazi ya mwili. Sukari nyingi, zaidi sana ile ya kunywa, huchangia kwa kuongeza unene. Na wali, ugali na viazi navyo hugeuka sukari mwilini. Ndiyo maana kwenye sahani ya shemeji kijiko cha sukari hakikuwa jambo la pekee. Wali ulipunguzwa, na hapa tunazungumza juu ya bonde linalosifika kwa mchele, mahali pake pakajazwa matembele, bamia, maharage na perege wa mtoni.

Shemeji mwenyewe ni mtu wa mzaha. Miwa ya wakulima hulipwa kufuatana na kiasi cha sukari kilichopimwa ndani yake. "Mimi napimwa sehemu mbili," aliniambia. "Kiwandani naomba namba ipande. Kliniki naomba ishuke."

Dada hakuwa na nafasi ya mzaha. Nyumba ile ina watoto wanne, na ina mama mkwe wake, mama wa shemeji, mwanamke wa Kipogoro kutoka Mahenge mwenye miaka zaidi ya sabini, ambaye hupokea wageni kila siku. Chai ya nyumba ile ilikuwa ikitiwa sukari ndani ya sufuria, kama wengi wetu tufanyavyo, wote wakanywa utamu mmoja, mgonjwa na mzima, mtoto na mzee. Dada alipojaribu mara ya kwanza kuipika bila sukari, bibi alikionja kikombe, akakirudisha mezani, na jirani alipoingia akamwambia, "Karibu mwanangu, siku hizi hapa tunakunywa maji ya moto." Mnajua maneno kama hayo yanavyotembea kijijini. Ni mke gani anataka kusemwa kwamba anamnyima mama mkwe sukari, tena katika nyumba inayouza miwa?

Msaada ulikuja kutoka mahali asipotazamia. Mwanzoni mwa 2024 mvua kubwa za El Niño ziliingia mashambani, miwa haikuvunika, sukari ikaadimika nchi nzima, na sehemu nyingi kilo ikavuka shilingi 4,000. Hata huku, mahali inakopikwa, maduka yalikuwa matupu. "Wenzangu walilia," dada alisema, "mimi nikamshukuru Mungu kimya kimya." Kwa miezi ile hakuna aliyeweza kumlaumu mwanamke kwa kupima sukari.

Alianza kwa kuitoa sukari ndani ya sufuria. Chai ikapikwa bila sukari, bakuli likawekwa pembeni, kila mtu ajitilie. Hilo peke yake, aliniambia, lilipunguza sana, kwa sababu aliyekuwa akinywa vijiko vitatu bila kujua sasa alilazimika kuviona. Kisha akabadilisha kijiko. Kile kikubwa cha supu kilichokuwa kikikaa bakulini kilirudi jikoni, kikaja kidogo cha chai, naye akawafundisha watoto kukisawazisha kwa ubapa wa kisu. Kijiko cha kujaza mlima huweza kufika gramu 6 au 7 badala ya 4. Baada ya hapo kila wiki mbili alipunguza nusu kijiko, si zaidi. Mtu akishuka kutoka vitatu hadi sifuri kwa siku moja, chai humchukiza, na wiki ijayo amerudi palepale na hasira juu. Akishuka polepole ulimi hufuata. Mtu akikaa na sukari kidogo kwa miezi miwili au mitatu, kile alichokiona zamani kuwa na utamu wa kawaida humjia kikiwa kitamu kupita kiasi.

Na hapo ndipo mdalasini ulipoingia, pamoja na tangawizi na karafuu. Viungo hivi havina sukari, lakini harufu yake huudanganya ulimi, na chai huwa na kitu cha kusema. Dada huvichemsha na maji kwa dakika kumi kabla ya kutia maziwa na majani. Ukivitupia mwishoni havifanyi kazi. Nilimwuliza kwa nini hatumii vile vidonge vya utamu vinavyouzwa madukani. Alisema alitaka watu wauzoee utamu mdogo, wala si kuwatafutia utamu mwingine. Naona ana haki. Shirika lile lile la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri watu wasivitegemee katika kupunguza unene, ingawa ushauri huo haukuwahusu walio na kisukari tayari.

Kwake yeye mwenyewe shida haikuwa chai. Ilikuwa saa nne asubuhi. Akiwa bustanini au sokoni, saa nne ikifika mikono inatetemeka kidogo, kichwa kizito, na miguu inamwelekeza mwenyewe kwa muuza vitumbua. Kwa wiki nzima alijiona dhaifu wa imani. Kumbe tatizo lilikuwa la saa moja: alitoka nyumbani na chai na andazi tu. Kifungua kinywa cha namna hiyo hupandisha sukari ya damu haraka, nayo hushuka haraka, na mwili unadai tena. Alipoanza kula yai au maharage yaliyobaki jana, na kipande cha gimbi au muhogo, na karanga kiganja kimoja mfukoni, saa nne ikawa saa kama nyingine. Si kila siku. Usiku ambao mtoto alikohoa na yeye hakulala, siku iliyofuata hamu ilirudi yote, kwani mwili usiolala huomba utamu. Siku hizo alikunywa maji glasi kubwa, akashika kazi nyingine, na mara nyingi baada ya robo saa ile hamu ilikuwa imepita. Mara nyingine haikupita, akala chungwa. Na mara nyingine akala kitumbua, kimoja, ameketi chini, akamlipa mama wa watu.

Watoto walikuwa kesi nyingine. Uji wa ulezi bila sukari waliukataa kwa umoja, kama bunge. Dada akaupondea ndizi mbivu na karanga za kusaga, akaongeza maziwa, wakanyamaza. Barafu za rangi na biskuti za njiani hakuweza kuzifuata mpaka shuleni, hakujaribu. Alichofanya ni kuacha kuwapa hela ya kutumia kila siku, akawafungashia viazi vya kuchemsha au parachichi. Soda ikawa ya Krismasi, Pasaka na harusi. Mdogo wao, wa miaka sita, siku ya pili ya kukaa kwangu alinisogelea nikiwa peke yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Mdogo, kwenu kuna sukari?"

Mintarafu ya bibi, dada hakumwondolea sukari yake. Alimnunulia kopo dogo lenye kifuniko, akalijaza, akamkabidhi mbele ya mwanawe. Heshima ikabaki mikononi mwa mwenyewe. Jioni moja nilikaa naye barazani tukichambua njegere.

"Mama," nilimwuliza, "zamani kwenu Mahenge mlikunywa chai ya namna gani?"

"Chai ipi, mwanangu?" alinijibu. "Tulikunywa uji. Sukari ilikuwa ya mgonjwa na ya mgeni. Sisi watoto tulitafuna muwa wa bondeni, nao ulikuwa wa msimu."

Jibu hilo lilinifikirisha, maana mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba chai ya sukari ni mila yetu. Neno lenyewe limetufikia kwa Waarabu, nao walilitoa mashariki, India. Pwani yetu iliijua sukari mapema: karne ya 19 bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, na Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Huku bara sukari ya vijiko vitatu kila kikombe ni kitu cha maisha ya mtu mmoja tu. Bibi alikuwapo kabla yake.

Si kwamba bibi ameacha. Alipoona kidonda cha mwanawe kimefunga, na kipimo cha asubuhi kimeshuka hadi 7 na kidogo, alipunguza mwenyewe bila kumwambia mtu, akafika kijiko kimoja na nusu, na hapo amesimama. Dada hamsukumi. Shemeji hunywa yake bila sukari kabisa, hutembea kwenda shambani badala ya kuita bodaboda, na dawa hajaacha hata siku moja. Hili nawaomba mlishike: mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, asibadilishe chakula wala dawa bila kuzungumza na mganga wake, kwa sababu sukari ikishuka mno ni hatari ya papo hapo. Mtu wa namna hiyo akianza kutoka jasho jembamba, kutetemeka na kuchanganyikiwa, anahitaji kupewa sukari mara moja ikiwa bado anaweza kumeza, na nyumba yake lazima iwe nayo. Dada ameweka mfuko wake juu ya kabati. Ule uliochapwa jina Bwana Sukari, nao ulinichekesha; nilimwambia nyumba hii ina mabwana wawili na mmoja amepandishwa juu asifikiwe.

Jumapili jumuiya ilikutana kwa dada. Walikuja watu kumi na tisa, wakajaa ukumbini na wengine kwenye mikeka nje, chini ya mwembe. Baada ya sala tuliandaa mihogo ya kuchemsha, karanga, machungwa yaliyokatwa na birika mbili za chai, na katikati ya sinia lilikaa bakuli la sukari na kijiko chake kidogo. Mzee mmoja wa kanisa alijitilia mara tatu, akatazama ukubwa wa kijiko, akajitilia ya nne. Hakuna aliyesema neno. Mama kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni aliionja yake bado haijatiwa kitu, akatulia kidogo, kisha akainama kumnong'oneza dada swali.

Kabla dada hajafungua kinywa, bibi alijibu kutoka kwenye kiti chake. "Ni mdalasini," alisema. "Uchemshe na maji kwanza, usiutie mwisho. Na hilo bakuli, mwanangu, ukimaliza ulifunike. Huku kwetu kuna sisimizi."